Nywele za Mwanasesere

Sikukuu inapokaribia, mabinti zetu huwatoa wanasesere wao wa zamani na kutaka nao wapambwe. Hatuwakatazi, Bibi Aisha (r.a.) naye alicheza na wanasesere, na hadithi yake imo katika Bukhari na Muslim.

Mwaka jana tulimharibia binti yetu mwanasesere kwa pasi ya nywele. Nywele zile ni nyuzi za plastiki; ziliyeyuka zikagandamana, na mtoto akalia hadi Magharibi. Tangu siku hiyo twatumia maji.

Kwanza nywele huoshwa kwa sabuni nyepesi, zikachanwa fungu kwa fungu, kutoka nchani kuelekea shinani. Zingali mbichi, huviringishwa juu ya vipande vya mirija ya plastiki na kufungwa uzi. Mrija mwembamba hutoa mawimbi ya karibu karibu. Mnene hutoa mapana. Kisha mama, wala si mtoto, humimina maji ya moto juu ya nywele pekee, na mara hufuatisha maji baridi ili umbo lishike. Huachwa hivyo hadi asubuhi. Zikifunguliwa kabla ya kukauka, kazi huanza upya, nasi tumekosa subira mara mbili!

Mirija ikishatoka, vidole vyatosha. Kitana huyatimua mawimbi.

Juzi binti yetu alimsimamisha mwanasesere wake wa pili mbele ya kioo, akazishika nywele zake mwenyewe za kujisokota, akasema, “Mama, sasa tumefanana.”