Mja mzito akiambiwa hospitali, usiseme kesho

Huenda mkeo au dada yako amekwenda kliniki asubuhi kwa miguu yake mwenyewe, naye muuguzi baada ya kumpima akamwambia asirudi nyumbani bali apelekwe hospitali saa hiyo hiyo. Jamaa hushangaa. Haumwi, basi haraka ya nini? Kwanza akawapikie watoto, afue kanga zake, kesho ataondoka.

Kesho hiyo ndiyo tunayoiogopa. Shinikizo la damu la mja mzito linapofika 160 kwa 110, au hata tarakimu moja tu kati ya hizo ikifikiwa, mshipa wa ubongo waweza kupasuka ingawa mama mwenyewe hasikii maumivu yoyote. Likidumu hapo, dawa hutakiwa ianze katika dakika 30 hadi 60. Si dawa za ajabu: haidralazini au labetaloli kwa sindano, au vidonge vya nifedipini. Wala shinikizo halishushwi kwa pupa, maana mtoto huishi kwa damu ipitayo katika kondo la nyuma, na damu hiyo ikipungua ghafla ndiye anayeumia.

Kuna na sindano nyingine, ya magnesiamu salfeti, ambayo wengi hudhani nayo ni ya kushusha shinikizo. Sivyo. Kazi yake ni kuzuia kifafa cha mimba. Utafiti uliotangazwa mwaka 2002, uliohusisha wanawake zaidi ya 10,000 katika nchi 33, ulionyesha kuwa hupunguza hatari hiyo kwa nusu. Mama huhisi joto mwilini anapodungwa, na muuguzi humgonga goti, humhesabia pumzi na kumpimia mkojo, kwani dawa ikizidi kupumua kwaweza kusita. Asifadhaike.

Dawa hizo humlinda mama tu. Kinachouondoa ugonjwa ni kuzaa, na pengine daktari atashauri mtoto atolewe kabla ya miezi kutimia. Hapo mume asiombe siku za kwenda kushauriana na wazee.

Na akishajifungua? Wengi hulegea, kumbe kifafa chaweza kumpata hata siku kadhaa baadaye. Mzazi akilalamika kuwa kichwa kinamuuma mno, macho yanaona ukungu, au anaumwa chini ya mbavu, msimpe dawa ya kichwa mkamlaza, mrudisheni hospitali. Akikakamaa, msiite mganga wa mashetani. Mlazeni ubavu wa kushoto, msimtie kijiko mdomoni, na mmoja wenu akimbilie barabarani kutafuta gari.