Munganga si mganga: kosa langu, na rafu moja ya maktaba

Najua nimepotea kama wiki tatu hivi. Mitihani ya katikati ya muhula, kubeba boksi usiku, halafu hii theluji isiyojua hata kubisha hodi... mwenzenu nilikuwa hoi. Leo nimerudi, ila wale mliozoea kuja hapa kucheka mnisamehe. Kuna jambo linanikaba tangu mwezi uliopita na nimeona bora nilitoe.

Iko hivi. Mnajua nasoma uuguzi hapa Marekani, na kila Alhamisi najitolea kwenye kliniki moja ya mji huu (jina tuliache). Siku hiyo akaja mama mmoja Mkongo, mtu wa Kivu, aliyeishi miaka mingi kambini Nakivale, Uganda, kabla ya kuletwa huku. Mkalimani wa simu alikuwa hapatikani haraka, foleni ndefu. Muuguzi akauliza, "Wewe si unajua Kiswahili?" Nami kwa mbwembwe zote, mtoto wa Dar, Kiswahili si ndiyo chetu! Nikakaa kitini.

Mama akaniangalia, akauliza, "Weye njo munganga?" Nikacheka kidogo, nikasema hapana mama, mimi mwanafunzi tu. Tukaendelea. Akasema kule kambini munganga alikuwa anampa dawa ya presha, na sasa imekwisha. Nami, jamani, nikatafsiri kwamba mama alikuwa anatibiwa na mganga wa kienyeji. Muuguzi akaandika kwenye faili. Daktari akaingia na maswali kibao: mitishamba gani? Unaichanganya na nini? Mama hakuelewa anaulizwa nini. Mwisho daktari akaona asubiri kwanza ajue mama alikuwa anakunywa kitu gani. Mama akarudi nyumbani mikono mitupu.

Wiki iliyofuata akaja na binti yake, na pakiti tupu mkononi. Vidonge vya presha vya kawaida kabisa, vilivyotolewa na daktari wa kambi. Kwa Kiswahili cha kwao, munganga ni daktari. Basi! Presha yake ilikuwa imepanda siku hiyo kuliko mara ya kwanza. Alikaa wiki nzima bila dawa kwa sababu yangu. Na kinachoniuma zaidi, hata kwetu Tanzania tuna Mganga Mkuu wa Wilaya, na hakuna anayedhani huyo anapiga ramli! Nilipaswa kuuliza swali moja tu: "Mama, munganga ni nani?" Sikuuliza kwa sababu nilidhani najua.

Nilipomwomba msamaha alinishika mkono akasema, "Haina neno mwanangu." Hapo ndipo nilipoumia kweli.

Haya, nikaenda maktaba ya chuo. Kule ghorofa ya pili, upande wa vitabu vya afya, kuna rafu moja ya afya ya makundi ya walio wachache na huduma inayozingatia utamaduni wa mgonjwa. Nilikuwa naipita kila siku nikienda kuchapisha kazi zangu. Safari hii nilikaa chini nikasoma. Naomba niwaambie nilichokipata, maana ndicho chanzo cha maoni yangu ya leo.

Kwanza, nikajua jambo hili halikuanza kama fadhila. Mwaka 1985 serikali ya hapa, chini ya waziri wa afya Margaret Heckler, ilitoa ripoti iliyoonyesha kwamba Weusi na makundi mengine ya walio wachache walikuwa na vifo vya ziada takriban 60,000 kila mwaka, yaani vifo ambavyo visingetokea kama afya yao ingelingana na ya Weupe. Mwaka uliofuata ikaundwa ofisi maalumu ya afya ya walio wachache. Rafu ile imejengwa juu ya makaburi, wadau.

Pili, nikasoma kitabu cha Anne Fadiman cha 1997 kuhusu mtoto Lia Lee, wa familia ya wakimbizi Wahmong kutoka Laos, waliokuwa wanaishi Merced, California. Mtoto alikuwa na kifafa. Wazazi walimpenda, madaktari walijitahidi, lakini hawakuelewana: si lugha, si dawa, si maana ya ugonjwa wenyewe. Kuna wakati mtoto alichukuliwa kwa wazazi wake akapelekwa kwa walezi. Mwaka 1986 alipata degedege kubwa, ubongo ukaharibika, na hakupona hadi alipofariki 2012. Nilikisoma usiku mmoja, sikulala.

Tatu, maswali ya Arthur Kleinman na wenzake ya 1978. Ni mepesi mno: Wewe unadhani tatizo lako limesababishwa na nini? Kwa nini limeanza wakati huu? Unaogopa nini zaidi? Unadhani unahitaji matibabu gani? Ningekuwa nayo siku ile, pakiti ile ingetoka mapema.

Sasa, kwenye rafu hiyohiyo kuna aina nyingine ya kitabu. Kina sura moja "Waafrika", kurasa nne! Eti Waafrika hawamtazami daktari machoni, eti Waafrika huamini uchawi. Waafrika wepi? Mimi na yule mama wote Waafrika, wote Waswahili wa lugha, na bado nilimpotosha. Nina hakika kabisa muuguzi aliamini tafsiri yangu haraka kwa sababu kichwani tayari alikuwa na picha ya Mwafrika na mganga wake. Kosa langu lilipata mlango uliokwisha funguliwa.

Najua mtaniambia: we bwana, muuguzi ana dakika 15, orodha fupi si bora kuliko kutojua kitu? Nimelifikiria sana hilo. Jibu langu ni kwamba kutojua humfanya mtu aulize, lakini orodha humfanya aache kuuliza. Melanie Tervalon na Jann Murray-García waliandika mwaka 1998 kwamba bora unyenyekevu mbele ya utamaduni wa mtu kuliko kujiona umehitimu. Nami nawaunga mkono kwa kidole nilichoungulia.

Kwa hiyo mtazamo wangu ni huu. Mosi, vitabu vya kurasa nne kwa bara zima vitolewe kwenye orodha ya usomaji wetu, na vile vyenye sauti za wagonjwa viwekwe mbele. Pili, maktaba ishirikiane na jamii zenyewe. Kule Seattle maktaba ya chuo kikuu cha Washington na hospitali ya Harborview walianzisha EthnoMed mwaka 1994 kwa kazi ya namna hiyo. Vipeperushi vya Kiswahili vya MedlinePlus navyo vipo, ni vizuri, ila asome kwanza mama wa Uvira au Bukavu atuambie anaelewa nini. Tatu, sisi tunaojua lugha tuache kukalia kiti cha ukalimani bila mafunzo. Agizo la rais la mwaka 2000 lililohusu huduma kwa wasiojua Kiingereza lilifutwa Machi 2025, lakini sheria ya haki za raia ya 1964 bado ipo, na mgonjwa ana haki ya kueleweka.

Yule mama sasa anaendelea na dawa. Alhamisi nimo kliniki bado, ila nachukua vipimo tu, na nimejiandikisha mafunzo ya ukalimani. Nimeanza pia kadaftari ka maneno ya Kiswahili cha Kongo. La kwanza mnalijua.

Nawasilisha. Wenye kupinga karibuni, msinionee huruma.