Mbwa Koko Ana Mwenyewe

Ajenda ya mbwa haichukui muda kwenye mikutano ya mtaa. Mmoja analalamika kwamba wanabweka usiku kucha kule machinjioni. Mwingine anasema mtoto wa jirani kang'atwa. Kisha anasimama yule mzee ambaye hakosekani popote, anaweka mikono nyuma na kutoa hukumu: "Hao hawana wenyewe. Waiteni watu wa bunduki wamalize." Makofi, halafu mnaendelea na habari za mfereji.

Nataka kubishana na mzee huyo, na najua nabishana na watu wengi, maana hapa Mtwara, kuanzia Magomeni hadi Shangani, na vijiji vya pwani mpaka Msimbati, wengi wetu tunaamini hivyohivyo: mbwa anayezurura hana mwenyewe, na asiye na mwenyewe hana wa kumchangia hata shilingi. Imani hiyo ni uongo. Tena ni uongo wenye faida, ndiyo maana haufi.

Nenda kivuko cha Msangamkuu asubuhi. Chini ya meza ya mama anayekaanga samaki kalala mbwa wa rangi ya mchanga, masikio yamejaa kupe, hana mkanda wala kamba. Mgeni atasema koko. Sasa mwangalie mama akipara samaki: matumbo hayaendi baharini, yanaangushwa chini ya meza, palepale kila siku. Jioni akijitwisha beseni lake, mbwa anamfuata hadi uani na kulala nje ya mlango wa jiko, na wezi wa kuku wa mtaa huo wanalijua hilo. Muulize mama kama mbwa ni wake. "Aa, huyo ananifuata tu." Haya, mpige teke mbele yake uone kama hana mwenyewe.

Panda juu kidogo, bonde la Ruvuma, kwenye mashamba ya Kitaya na Mahurunga. Mazao yakikaribia kukomaa, watu hulala dunguni kuwafukuza nguruwe pori. Si kazi ya mchezo. Mwaka 2005 watafiti waliandika katika jarida la Nature kwamba tangu 1990 simba walikuwa wameua Watanzania zaidi ya 563, wilaya za pwani ya kusini zikiwa miongoni mwa zilizoumia zaidi, na nguruwe hao ndio waliowavuta simba mashambani, walikolala walinzi. Mbwa hamzuii simba, lakini anabweka kabla hujasikia kitu. Aliyelala dunguni hamwiti mbwa wake koko. Anayemwita hivyo ni mtu wa mjini, mchana, anapomkuta mbwa huyohuyo yuko matembezini.

Halafu kuna mbwa wa mtumishi. Barua ya uhamisho imefika, lori limekuja, friji imepanda, makochi yamepanda, hata ndoo za maji zimepanda. Mbwa kabaki getini. Wiki ya pili ameshakonda, wiki ya tatu yuko jalalani, na wiki ya nne mtaa unamwita mbwa asiye na mwenyewe. Mwenyewe yupo, ana namba ya simu, yuko Songea au Dodoma anakunywa chai.

Watafiti waliofuatilia kichaa cha mbwa nchini kwa miaka mingi, Serengeti na huku kusini, wamekuta jambo hilohilo: mbwa wengi wanaorandaranda bila kamba wana kaya inayowatambua na mtu anayeweza kuwashika. Wapo waliotelekezwa kweli, sikatai, lakini ni wachache mno kuliko tunavyojisemea. Na ushahidi tunao hapahapa. Kati ya 2010 na 2015 serikali na Shirika la Afya Duniani waliendesha mradi wa majaribio wa kutokomeza kichaa cha mbwa katika wilaya 28 za kusini mashariki mwa nchi, Pemba ikiwemo. Mtwara na Lindi zilikuwa ndani. Maafisa mifugo ambao wilaya zao hazikuwahi kuchanja mbwa kwa kiwango hicho walipiga kambi mashuleni na chini ya miembe, deli la barafu pembeni, na mbwa wakaletwa. Waliletwa na nani, kama hawana wenyewe?

Mara nyingi waliletwa na watoto, na hiki ni kitu cha kukitazama. Baba yuko barazani, anasema hana mbwa. Mwanawe wa darasa la nne anatokea na mbwa mkubwa kuliko yeye, kamfunga kipande cha wavu uliochakaa, anavutana naye njia nzima, anamtaja jina, anajua ana umri gani na mama yake yuko kwa nani. Vibwa vidogo vinabaki nyumbani kwa sababu watu wazima wanadhani sindano itaviua. Sivyo. Chanjo ile wanapewa hata walio chini ya miezi mitatu, na wakiachwa hao, mwakani mtaa una mbwa wengi wasiochanjwa.

Mradi ule ulipunguza idadi ya watu wanaong'atwa na mbwa wanaodhaniwa wana kichaa, na nafuu kubwa zaidi ilionekana kwenye wilaya za kusini kabisa zenye mbwa wachache. Yaani sisi. Mkoa huu, unaosemwa kila siku kuwa wa mwisho kwa kila kitu, ulikuwa miongoni mwa waliofanya vizuri, na sijawahi kumsikia mwanasiasa wetu hata mmoja akijisifia jambo hilo.

Kwa nini basi uongo ule unaendelea? Kwa sababu unamtua kila mtu mzigo. Mbwa akiua kuku wa jirani, si wangu. Aking'ata mtoto, si wangu. Akizaa sita na majike wakatupwa jalalani ndani ya kiroba, si wangu. Usiku mwizi akija, hapo ni wangu. Tuna Sheria ya Ustawi wa Wanyama tangu mwaka 2008 inayomdai mwenye mnyama amtunze, ila sheria hiyo inahitaji mtu wa kushikwa shati, na mtaa mzima umekubaliana kwamba mtu huyo hayupo.

Bunduki nayo haitibu kinachodaiwa kutibiwa. Kisiwa cha Bali kule Indonesia kiliingiliwa na kichaa cha mbwa mwaka 2008. Wakaua mbwa zaidi ya 100,000, na ugonjwa ukaendelea kuenea. Haukushangaza wanaoujua: watu walificha mbwa wao au kuwahamishia vijiji vingine, waliouliwa nafasi zao zikajazwa na vibwa wapya ambao hawajachanjwa, na miongoni mwa waliouliwa walikuwemo waliokwisha kupata sindano. Ugonjwa ulianza kushuka kisiwa kizima kilipogeukia chanjo. Linganisha na Pemba, ndugu zetu kabisa. Chanjo ilifuta kichaa cha mbwa kisiwani mwaka 2014. Uchanjaji ukalegea, na 2016 virusi vikaingia tena kutoka bara. Wakachanja upya, na kufikia 2018 wakavimaliza mara ya pili. Kinachotakiwa ni asilimia 70 ya mbwa kuchanjwa. Bali walihesabu maiti, Pemba wakahesabu sindano.

Sasa nifike kwenye hoja yao nzito, ambayo siwezi kuipita kimyakimya. Wanasema: kuchangia mbwa ni mambo ya wazungu. Na huku kwetu hoja hiyo ina kidonda. Machi 2021 wapiganaji walipovamia Palma, ng'ambo tu ya Ruvuma, watu walijibanza katika hoteli ya Amarula wakisubiri kuokolewa. Mei mwaka huo Amnesty International walitoa ripoti kutokana na maelezo ya manusura: helikopta zilianza na makandarasi wazungu, na meneja wa hoteli akaondoka na mbwa wake wawili huku watu weusi wakiachwa chini. Kampuni ya helikopta ilikanusha kwamba ilibagua. Habari hiyo ilivuka mto haraka kuliko wakimbizi wenyewe. Miezi michache baadaye, Kabul, mwanajeshi mstaafu wa Uingereza aliondoa mbwa na paka zaidi ya 150 kwa ndege ya kukodi, na wafanyakazi wake Waafghani hawakuwemo.

Hasira hiyo ni halali na mimi ninayo. Lakini itazame inamwendea nani. Pale Palma tatizo lilikuwa kiti: kimoja, na mnyama kakikalia. Kwenye chanjo hakuna kiti cha kugombea. Mbwa wa yule mama wa kivukoni akipata sindano, anayenufaika ni mtoto anayecheza naye. Kichaa cha mbwa kikishaonesha dalili kwa binadamu, mgonjwa anaanza kuogopa maji, na hapo hakuna daktari wa kumrudisha. Makadirio yaliyochapishwa 2002 yalisema Watanzania kama 1,500 hufa hivyo kila mwaka, na duniani wanne kati ya kumi wanaokufa ni watoto wa chini ya miaka 15. Mtu aking'atwa anatakiwa aoshe jeraha kwa maji yanayotiririka na sabuni dakika 15, kisha awahi hospitali kwa sindano, si moja bali mfululizo. Mwambie hayo mkazi wa Msimbati, nauli ya kwenda na kurudi hospitali ya Ligula kila mara. Na hata wakati wa mradi ule wenye fedha za nje, zipo wilaya zilizoishiwa chanjo ya binadamu. Kumchanja mbwa kunagharimu sehemu ndogo tu ya kumtibu mtu mmoja aliyeng'atwa. Anayesema tuchangie watu kwanza, nakubaliana naye, na hiyo ndiyo namna rahisi kuliko zote.

Kuhusu dini nitasema machache, kwa kuwa wapo wanaoitumia vibaya. Fiqhi ya Shafii tunayoifuata pwani inahesabu ute wa mbwa kuwa najisi nzito, chombo kioshwe mara saba, mojawapo kwa udongo. Sawa. Hiyo ni hukumu ya twahara. Mbwa wa mawindo, wa mifugo na wa shamba ameruhusiwa, na kisa cha aliyesamehewa kwa kumnywesha mbwa mwenye kiu kila mtoto wa madrasa anakijua. Shida ya kweli ni ndogo na ina dawa: mwenye mbwa haswali vizuri akilambwa, kwa hiyo hamshiki, kwa hiyo hamleti kwenye chanjo. Basi alipwe kijana wa kuwashika, na pawe na maji.

Kwa upande wa pili wapo wenzangu wenye huruma, hasa wanaotuma fedha kutoka nje, wanaotaka Mtwara ijengewe kituo cha kulea mbwa na paka. Arusha kuna Mbwa wa Africa, wanaokota, wanatibu, wanawatafutia wanyama nyumba mpya, na heshima yao naitoa. Kwetu nina wasiwasi. Jenga mabanda ishirini leo, mwezi ujao watumishi wote wanaohama watajua pa kumshusha mbwa kabla lori halijafika Mikindani. Kituo kitakuwa kimeuthibitisha uongo uleule: kwamba mbwa ni wa mtu mwingine. Kumpatia mnyama nyumba huku kwetu ni kazi ya mazungumzo. Anayehama atafute wa kumwachia, amkabidhi mbele ya mwenyekiti wa mtaa pamoja na kadi ya chanjo. Mwenye jike aandikishe, kabla vibwa hawajazaliwa, nani atawachukua, au akubali jike lifungwe kizazi, na gharama hiyo ndiyo tuichangishe.

Kuchangishana hatufundishwi na mtu. Tuna kadi za harusi, kamati za msiba, vikoba, na makundi ya WhatsApp ambayo ukichelewa siku mbili jina lako linabandikwa na sifuri mbele yake. Msimu wa unyago nyumba moja inaweza kumaliza fedha ya korosho ya mwaka kwa ngoma ya siku chache, na majirani wanachanga bila kuuliza. Kiasi kinacholiwa na harusi moja ya kawaida kingechanja mbwa wa kata nzima na kubaki na mafuta ya pikipiki ya afisa mifugo. Achange kila kaya, yenye mbwa zaidi kidogo, na daftari la wakazi alilonalo mtendaji liongezwe safu moja tu: mbwa wangapi, wamechanjwa lini. Siku hiyo yule "ananifuata tu" atakuwa na jina la mtu pembeni yake.

Bado kuna suala la tarehe, na hapa naomba wakubwa wanisikilize. Siku ya Kichaa cha Mbwa Duniani ni Septemba 28, na sherehe zenye fulana na hotuba huwekwa siku hiyo. Septemba mifuko ya pwani hii imekauka; minada ya korosho huanza Oktoba. Ukipitisha bakuli Septemba utapata ahadi. Ukingoja Desemba, mvua zitakuwa zinaanza na gari la chanjo litakwama bondeni Mahurunga. Kwa hiyo katikati ya Novemba: malipo ya kwanza yameshaingia, njia bado ni kavu. Wenyeviti wa mitaa waipange sasa, kabla kamati za harusi hazijawahi.