Anayekesha Keko aulizwe analala saa ngapi

Majira ya baridi huko Ulaya, mechi nyingi za Ligi ya Mabingwa huanza saa 5 usiku kwa saa za Dar es Salaam. Kibanda umiza cha Keko, wilayani Temeke, kikifungwa karibu saa 7, si vijana wote wanaokwenda kulala. Bando la usiku ni la bei nafuu, na simu hushikwa hadi alfajiri. Muda huohuo jirani zao wako kwenye magodauni ya Barabara ya Nyerere, tochi mkononi, wakilinda mpaka saa 12 asubuhi.

Sababu za kukesha ni tofauti. Madhara kwa akili yanafanana.

Mwaka 2024 watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, walitoa matokeo ya uchunguzi wa watu wazima karibu 75,000 wa Uingereza. Wanaochelewa kulala walikutwa na sonona na wasiwasi zaidi kuliko wanaolala mapema, hata wale ambao kwa asili ni watu wa usiku. Ushauri wao ni kwamba saa 7 usiku imkute mtu amelala. Ni kweli sonona nayo hufukuza usingizi, na hapo ndipo penye hatari: mgonjwa hukosa usingizi, na kukosa usingizi kukazidisha ugonjwa.

Kijana anaweza kuzima simu. Mlinzi hawezi kuzima zamu. Akirudi asubuhi, chumba cha kupanga kimeshapata joto la bati, na mafundi fanicha wa Keko wamewasha misumeno na randa. Mwanga wa mchana huuzuia ubongo kutoa melatonini, homoni inayoandaa mwili kulala. Anasinzia na kushtuka, anasinzia na kushtuka, kisha anaamka na hasira. Mtoto akiangusha sufuria anafokewa. Majirani wanasema amebadilika, wengine wanasema amerogwa.

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 haikumsahau mtu huyu. Inaitambua kazi ya usiku kuwa ni ile ya kati ya saa 2 usiku na saa 12 asubuhi, na inadai nyongeza isiyopungua asilimia 5 ya mshahara wa msingi kwa kila saa. Tena inamkataza mwajiri kumpangia usiku mfanyakazi ambaye daktari amethibitisha kuwa afya yake haimruhusu.

Lakini daktari atathibitisha nini ikiwa hajauliza? Zahanati za Temeke ziweke swali la usingizi kwa kila mtu mzima anayelalamika kichwa, moyo kwenda mbio au uchovu usioisha. Kampuni za ulinzi nazo zipokee cheti cha daktari bila kumtishia mlinzi kibarua chake. Kumhamishia zamu ya mchana mapema ni nafuu kwa kila upande kuliko kusubiri familia imfikishe wodi ya magonjwa ya akili.