Kompyuta ya duka ikifungwa leo, kesho utauza vipi?

Jumatatu ya tarehe 3 Juni 2024, upimaji wa damu kusini mashariki ya London ulikwama. Kampuni ya Synnovis, inayozipimia damu hospitali za King's College na Guy's and St Thomas', iliamka ikakuta mitambo yake imefungwa na genge la wadukuzi liitwalo Qilin. Wakitaka pesa ndipo wafungue. Kampuni hiyo ndiyo iliyokuwa ikiwahudumia pia madaktari wa mitaani katika wilaya sita, na Lewisham ni mojawapo. Daktari wa hapa, ambaye kompyuta yake mwenyewe haikuguswa na mtu, ikawa hawezi kumpeleka mgonjwa kupima damu ila kwa jambo la dharura.

Wengi wenu mlioko Maskati, Dubai na Doha mna mzazi, ndugu au mtoto huku, na khabari hizi ziliwafikia. Wiki moja baadaye benki ya damu ikawaita watu wa kundi O wajitokeze, maana hospitali zilishindwa kulinganisha damu kwa kasi ya kawaida. Katika hospitali hizo kubwa, miadi zaidi ya 10,000 na operesheni zaidi ya 1,700 ziliahirishwa. Tarehe 20 wezi wakazimwaga mtandaoni taarifa walizoiba. Na Juni 2025 King's College wakathibitisha kuwa mgonjwa mmoja alifariki, na kuchelewa kwa majibu ya damu kwa ajili ya shambulio lile kulikuwa miongoni mwa sababu.

Nimeanza na hospitali, lakini ninaotaka kusema nao ni wenye maduka. Mwenye saluni Catford, mwenye kampuni ndogo ya kusafirisha mizigo kwenda Unguja na Mombasa, anayeuza vitambaa Deptford, na nyinyi wenzao mlioko Ruwi na Deira. Ukiwauliza wamejitayarisha vipi, jibu ni moja: "Mimi mdogo, nani atanitaka mimi?"

Jibu hilo halisaidii kitu, kwa sababu wezi hawa hawachagui kwa jina. Wanapita kama mtu anayejaribu vitasa vya mtaa mzima, na mlango uliolegea ndio wanaouingia. Barua pepe yenye ankara ya uongo hutumwa kwa maelfu ya watu mara moja. Anayeibonyeza, programu inaingia, inakaa kimya siku kadhaa ikitafuta, kisha inafunga kila faili na kuacha ujumbe wa kudai fidia. Hiyo ndiyo ransamwea.

Tena duka dogo lina mengi kuliko mwenyewe anavyodhani. Chukua hilo la mizigo. Ndani ya laptopu moja mna nakala za pasipoti za wateja, namba za simu za mama zao nyumbani, anwani, na orodha ya nani kalipa na nani anadaiwa. Kontena likifika bandarini na orodha imefungwa, utajuaje boksi lipi la nani?

Kampuni ya malori ya KNP, ya kule Northamptonshire, ilikuwa na umri wa miaka 158 na malori 500 hivi. Mwaka 2023 wadukuzi waliingia, inavyoaminika, kwa kubahatisha nywila ya mfanyakazi mmoja. Wakafunga kila kitu, pamoja na nakala za akiba. Bima ya mashambulizi ya mtandaoni walikuwa nayo. Kampuni ilikufa mwaka huohuo, na watu 700 hivi wakakosa kazi.

Kwa hiyo mtu akiniambia yuko salama kwa sababu kanunua antivairasi, mimi siridhiki. Namuuliza jambo moja: umewahi kuirudisha nakala yako ukaona inafunguka? Si kwamba unayo. Umeirudisha lini? Hapo wengi hunyamaza. Diski imechomekwa kwenye kompyuta usiku na mchana, na hiyo ransamwea itaifunga pamoja na mengine. Nakala ya maana ni ile iliyochomolewa ikawekwa kwingine, nyumbani kwa mfano, au ile ya mtandaoni isiyofutika kwa nywila ileile ya dukani.

Jaribio lenyewe halina gharama. Chagua siku isiyo na wateja wengi, zima kompyuta asubuhi, usiiwashe mpaka jioni. Uone kama unazo namba za wateja kwenye karatasi, kama unaweza kupokea malipo, kama kijana wa kaunta anajua ampigie nani. Jioni chukua nakala yako, ifungue kwenye mashine nyingine. Siku hiyo moja itakufunza kuliko semina. Mengine ni ya kawaida: kila mfanyakazi na nywila yake, uthibitisho wa hatua mbili kwenye barua pepe, na masasisho yasiahirishwe kila yanapojitokeza kwenye skrini. Paswedi ya jina la duka na mwaka, tafadhali, iacheni.

Huku Uingereza upo mpango wa cheti uitwao Cyber Essentials. Kwa biashara yenye watu wasiozidi tisa bei yake ni zaidi kidogo ya pauni 300, bila kuhesabu kodi, na biashara nyingi ndogo zinazokipata huwa na haki ya bima ya hadi pauni 25,000 ndani yake. Wapo wanaoona ni karatasi tu. Mimi naona maswali yake peke yake yanatosha kumtoa mtu usingizini, na maswali hayo husomwa bure.

Na kulipa je? Namwelewa anayelipa, mtu anaona riziki ya watoto wake imefungwa mbele ya macho. Lakini polisi wa Uingereza na wenzao walipoingia kwenye mitambo ya genge la LockBit, Februari 2024, walikuta humo taarifa za watu waliokwisha kulipa. Waliahidiwa zitafutwa, hazikufutwa. Kabla ya kufikiria pesa, chomoa intaneti, usifute kitu, piga simu polisi, kisha tazama tovuti ya No More Ransom, inayosaidiwa na Europol, ambako funguo za baadhi ya programu hizi hutolewa bure. Ikiwa taarifa za wateja zimetoka na zinaweza kuwadhuru, sheria ya huku inakupa saa 72 uwaarifu ICO. Kuficha ili usione haya kwa wateja kutakuongezea khasara.

Narudi kwa yule daktari wa Lewisham. Yeye hakukosea kitu; aliyefungwa ni aliyemtegemea. Wewe nawe unaye mhasibu anayeshika hesabu zako, kampuni iliyokuwekea mashine ya kuuzia, kijana anayekutunzia tovuti. Waulize wiki hii: nyinyi mkifungwa, mimi nitakaa siku ngapi, na nakala ya vitu vyangu iko wapi? Mhasibu atakayekasirika kwa swali hilo, mimi ningemtafuta mwengine.