Taa ya Buluu Usiku Kucha

  Mwezi huu tumeona tuzungumze juu ya jambo lililoingia katika nyumba zetu hapa Runzewe bila kubisha hodi, nalo ni taa inayowaka usiku kucha.

Jioni moja tulikwenda kumjulia hali mwenzetu aliyekuwa ametoka kuugua malaria. Sebuleni kwake tulikuta tangi la kioo lenye samaki wadogo wa rangi, na juu yake taa ya buluu. Ukuta mzima ulikuwa buluu, na watoto wawili waliolala kwenye godoro chini ya chandarua nao walikuwa buluu. Tukasifu, maana kweli lilikuwa zuri. Mwenzetu akatabasamu, kisha akasema kwa sauti ya chini, "Zuri ndiyo, mama zangu, lakini watoto hawa hawalali."

Mumewe ni mchimbaji mdogo. Huondoka Jumapili jioni kwenda machimboni na kurudi Jumamosi. Shimo lao lilipotoa vizuri, alikwenda Mwanza akarudi na tangi hilo. Muuzaji alimwambia taa ya buluu iwake usiku wote, kwa kuwa ndiyo mbalamwezi ya matumbawe. Tangu siku hiyo haijazimwa. Mtoto wa darasa la tatu anasinzia darasani, na mwalimu amekwisha kumwita mama yake mara mbili. Mdogo wake huamka saa nane za usiku akitaka kuongea na samaki.

"Sasa kwa nini usiizime?" tulimwuliza.

Alikaa kimya kidogo. "Taa hiyo ndiyo baba yao akiwa hayupo," alisema. "Nikiizima naona kama nimemzima yeye huko shimoni. Na akirudi akaikuta imezimwa, atasema nimeidharau zawadi yake."

Hakuna aliyecheka. Kila mwanamke mwenye mume machimboni anaujua usiku wa kusikiliza pikipiki zinazopita barabarani, akihesabu ni ipi itakayosimama mlangoni.

Buluu hiyo ni ya nani?

Tulirudi nyumbani tukafuatilia habari za taa hizi, na tuliyoyapata tunakupa nawe.

Matumbawe ni wanyama wadogo wa baharini. Ndani ya miili yao huishi mwani mdogo sana, unaotumia mwanga wa jua kutengeneza chakula na kugawana na mwenyeji wake. Maji ya bahari hunyonya kwanza mwanga mwekundu, na buluu ndiyo hufika chini zaidi. Kwa hiyo wanaofuga matumbawe hai huyawekea taa yenye buluu nyingi mchana, na jioni huacha buluu hafifu ili wayaone yaking'aa.

Matumbawe pia huujua mwezi. Katika miamba mikubwa ya Australia, wataalamu waligundua mwanzoni mwa miaka ya 1980 kwamba aina nyingi hutoa mayai yao kwa pamoja, katika siku chache baada ya mwezi mpevu. Lakini angalia: mwezi mpevu haukai siku thelathini. Hukua, hupungua, na kuna usiku ambao hauonekani kabisa. Matumbawe huhitaji giza lile kama yanavyohitaji nuru ile. Tena mwanga wa mwezi wenyewe si wa buluu. Ni mwanga wa jua ulioakisiwa, na ni macho yetu gizani yanayouona kama wenye ubuluu. Taa ya kawaida ya sebuleni huzidi mbalamwezi mara mamia.

Sasa, katika tangi la mwenzetu, matumbawe yalikuwa ya plastiki. Maji yalikuwa ya kisima, na samaki walikuwa wa maji baridi. Kwa hiyo taa ile ilikuwa haimsaidii yeyote humo ndani. Wala asidanganyike mtu kutafuta ya kweli. Matumbawe hai yanataka maji ya chumvi yanayopimwa kila mara, na nyumbani kwao ni baharini, katika sehemu kama Chumbe, iliyohifadhiwa tangu 1994, na Mafia, ambayo ni hifadhi ya bahari tangu 1995.

Samaki wa ziwani kwetu

Sisi watu wa kanda ya ziwa hatuhitaji kwenda mbali ili kujua kwamba mwanga unawatawala samaki. Nani kati yetu hajui kuwa dagaa huadimika sokoni wakati wa mbalamwezi? Wavuvi huwavuta kwa karabai, na siku hizi kwa taa za sola, katika usiku wa giza. Mwezi ukiangaza, taa haiwavuti tena vizuri.

Kuna pia habari ya furu, wale samaki wadogo ambao wazee wetu waliwala sana kabla sangara hajawamaliza wengi wao. Karibu na visiwa vya upande wa Mwanza wapo furu wa aina mbili wanaofanana sana. Madume ya aina moja yana wekundu, na ya aina nyingine yana buluu. Ile nyekundu imepewa jina la kitaalamu la Mwalimu Nyerere. Jike humchagua dume kwa rangi yake. Mwaka 1997 wataalamu, akiwemo Ole Seehausen, walieleza kwamba pale maji yanapochafuka na mwanga kubadilika, majike hushindwa kutofautisha madume, na aina hizo huanza kuchanganyika. Kwa kubadilika mwanga tu, ukoo mzima unaweza kupotea. Basi tusidhani kwamba taa ni pambo tupu.

Samaki wa nyumbani naye hupumzika, ingawa hana kope za kufumba. Akiwashiwa taa usiku na mchana hukosa utulivu, na kioo huota ukungu wa kijani upesi. Saa nane hadi kumi za mwanga kwa siku zinamtosha.

Na mtoto je?

Ndani ya jicho la mwanadamu kuna chembe ambazo kazi yake kubwa ni kuuambia ubongo kama ni mchana au usiku. Wataalamu walizieleza mwaka 2002, na kinachoziamsha zaidi ni mwanga wa buluu. Zikiuona, ubongo hupunguza melatonini, yaani homoni inayouandaa mwili kulala. Watoto huathirika kuliko sisi watu wazima. Kwa hiyo yule wa darasa la tatu hakuwa mvivu wala mkaidi. Mwili wake ulikuwa ukiambiwa kila usiku kwamba bado ni mchana. Hayo hayo ni ya simu tunayomwachia mtoto kitandani ili anyamaze.

Mama, fanya hivi

Washa taa ya tangi jioni watoto wakiwa macho, kisha izime wanapokwenda kulala. Kama mnapenda ile buluu, ifurahieni kwa saa moja hivi baada ya chakula.

Zima taa, lakini usizime pampu ya hewa. Usiku samaki na majani ya majini hutumia hewa iliyomo majini, na majani hayaitengenezi gizani. Wengi wamezima vyote viwili ili kuokoa umeme wa LUKU, asubuhi wakakuta samaki wanaelea.

Kama mtoto anaogopa giza, weka taa ndogo ya rangi ya chungwa au nyekundu, chini karibu na sakafu, isimpige machoni. Kama unaogopa wewe, na si aibu kuogopa, funga komeo, weka tochi chini ya mto na simu karibu.

Mkichoka kufuga, msiwamwage samaki mtoni wala bwawani. Sangara naye aliletwa na watu, na tumeona yaliyowapata furu.

Na zaidi ya yote, usiizime zawadi ya mumeo kimya kimya. Mngoje aoge, ale, apumzike, kisha mweleze.

Mwenzetu alifanya hivyo. Hakuanza na lawama. Alianza kwa kumshukuru, akamwonyesha daftari la mtoto lenye maneno ya mwalimu, kisha akamwambia na lile la moyoni, kwamba taa ile alikuwa akimwashia yeye. Mume alikaa kimya muda mrefu. Baadaye akasema, "Mimi nashinda gizani ili ninyi mlale. Kumbe wanangu nimewapa zamu ya usiku."

Siku hizi taa huzimwa saa tatu. Jumamosi, baba akiwa nyumbani, huwaka mpaka saa nne, na wote hukaa kuitazama. Mtoto hasinzii tena kama zamani. Mama bado husikiliza pikipiki, kwa maana hilo hakuna taa inayoweza kuliondoa. Lakini wamekubaliana kwamba kila jioni akitoka shimoni, mume atapiga simu kabla ya kula. Simu hiyo ndiyo taa yake sasa.

Tuonane mwezi ujao, mpendwa. Lala salama, na nyumba yako iwe na giza jema.