Kupogoa Tawi si Kung'oa Mti

Biashara changa inapoyumba, mwenyewe hukosa usingizi: aifunge, au aiongezee fedha? Tuitazame SafeBoda, kampuni ya usafiri wa bodaboda iliyoanzia Kampala na kuvuka mpaka hadi Nairobi mwaka 2018. Ulipozuka ugonjwa wa Korona abiria walipungua, na Novemba 2020 ikafunga shughuli zake za Nairobi. Kampala, ambako pikipiki zilikatazwa kubeba abiria tangu Machi hadi Julai mwaka huo, haikuondoka, bali ilipeleka vyakula na bidhaa majumbani. Ilipogoa tawi, shina ikalitunza.

Nawe, kabla ya kuamua, keti na mwenzi wako mkiwa na daftari la hesabu. Je, wateja hurudi bila kubembelezwa? Je, kila kinachouzwa huacha faida, au huongeza deni? Wekeni tarehe ya mwisho na kiasi cha mwisho, tena kwa maandishi. Karo ya watoto na hati ya kiwanja visiguswe kamwe. Fedha iliyokwisha kuzama haiopolewi kwa kuzamisha nyingine. Na afungaye angali na akiba aweza kuanza tena.